Upande Ulioshikwa Mkononi

Idara yetu ya hisabati haichori tufe ubaoni. Mtahiniwa huja na chungwa na pini zenye vichwa vya rangi, akalichoma kuonyesha vituo vyake vya kupimia joto, kisha akaliinua kwa mkono wa kushoto huku akieleza. Desturi hiyo niliianzisha mimi, na kwa miaka kumi na miwili nimesifiwa kwayo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Pini, ndivyo tulivyomwita mwanafunzi wangu wa uzamivu, alibakiwa na nafasi moja tu. Miaka yake sita iliisha Ijumaa ile ya mtihani. Akishindwa, hakuna kurudia. Kazi yake ilikuwa hii: ukiwa na vipimo vya joto kutoka vituo vichache vilivyotawanyika duniani, utakadiriaje joto la kila mahali pengine? Chombo chake ni kiini, yaani kanuni inayosema vituo viwili vinahusiana kiasi gani. Sharti kiini kiwe chanya kamili: uweke vituo popote upendapo, hesabu itatoa jibu, haitagoma.

Kiini chake hakikuwa hivyo. Niligundua wiki mbili kabla ya mtihani, nikisoma rasimu yake nyumbani. Kilibeba vipengele vya shufwa tu. Vya witiri vilikuwa vimeachwa ili kompyuta ifanye nusu ya kazi. Kiini cha namna hiyo hakitofautishi mahali na mahali pa upande wa pili kabisa wa dunia. Huku joto arobaini, kule kumi, kwake ni kituo kimoja. Pini hakuwa ameliona hilo kwa sababu vituo vyake vyote vilikuwa upande mmoja. Nani atachoma pini pale anapolishikia chungwa?

Wala mimi sikuliona nilipokibuni. Ndiyo, kiini kilikuwa changu, kimo katika kiambatisho cha makala iliyonipa cheo, ambacho sijui aliyewahi kukisoma, na mwezi uliofuata nilikuwa nijadiliwe kwa uprofesa. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi nililiona, nikampigia Pini simu.

"Mwanangu, lile jina langu sura ya pili litoe. Watasema najipigia debe."

"Lakini kiini ni chako, Mwalimu."

"Umekilea wewe. Sema ni chako."

Alicheka, akanishukuru sana. Alidhani nimempa zawadi.

Ningeweza kunyamaza baada ya hapo. Lakini mtahini mgeni, mzee mmoja mwenye kipara asiyepitwa na kitu, angeligundua kosa siku moja na kuuliza nilikuwa wapi. Heri nilifichue mwenyewe mbele ya watu, likiwa na jina la mwingine.

Siku ya mtihani mama yake aliketi kiti cha nyuma, viatu vipya vikimbana. Pini alieleza vizuri kwa dakika arobaini. Alipomaliza nilimwomba chungwa, nikatoa mfukoni sindano ya kufumia niliyokuja nayo, nikalidunga penye pini nyekundu hadi sindano ikatokea upande wa pili. Maji yakadondokea karatasi zake.

"Weka kituo na huku," nilisema. "Huku joto ni arobaini, huku ni kumi. Tukokotolee."

Alienda ubaoni. Mistari miwili ya jedwali lake ikatoka inafanana tarakimu kwa tarakimu, na hesabu ikagoma. Akafuta, akaandika upya, ikatoka vilevile. Nilijua mkono wake ungesimama mstari wa tatu, na hapo ndipo uliposimama. Nisidanganye, nilisikia raha.

"Binti," mzee mwenye kipara aliuliza, "kiini hiki umekitoa wapi?"

Pini alinitazama. Akaitazama sindano, akanitazama tena, na nikaona ameelewa kila kitu, mpaka ile simu. Rasimu ya zamani yenye jina langu ilikuwa ndani ya mkoba wake, mezani pale pale. Angeifungua tu, ningekwisha. Lakini alikuwa amelelewa kwamba mwalimu havuliwi nguo mbele ya watu.

"Ni changu," alisema.

Mzee akatikisa kichwa. Uamuzi wa kumwangusha ulituchukua dakika nne.

Nilipotoka nilimkuta mama yake kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa ameliokota chungwa, amezitoa pini moja moja na kulimenya. Pini alisimama dirishani, ametupa mgongo.

"Karibu, Mwalimu, tusilitupe," mama alisema. "Mliyosema mle ndani sikuyaelewa. Ila mwanangu huniambia kila siku, kila anachokijua amekitoa kwako."

Pini hakugeuka.

"Asante, mama," nilisema, nikachukua kipande. Kilikuwa kitamu. Nikachukua cha pili.