Mastura Kwenye Simu ya Mashimba

Odeta alifuta neno "Presha" kwenye jina la Abeid, akahifadhi, akashuka kwa anayefuata. Katika simu ya duka lake la dawa pale Pasiansi, jina la kila mteja lilifuatana na ugonjwa wake: Elias Sukari, Hadiya Pumu. Majina yanafanana, naye hakutaka kumpa mtu dawa ya mwenzake. Hadi leo hakujua kwamba programu ya kutambua wapigaji, aliyoiweka mwenyewe, iliyachukua majina hayo ikawaonyesha watu wengine.

Mteja wake Mastura, aliyemletea habari hiyo, alikuwa bado amesimama kaunta. Leo hakutoa shikamoo.

"Mimi nalea watoto wa watu, dada Odeta. Jana nimempigia Mama Winnie, simu yake ikamwandikia Mastura Kifafa. Asubuhi hakumleta mtoto. Kina mama wenzake nao wananong'ona. Natoka Kiseke kununua dawa huku ili nisijulikane, na anayejua ni wewe tu."

"Jina lako nimelifuta la kwanza, mdogo wangu. Hebu tuhakikishe." Odeta akamwita fundi cherehani aliyeshonea barazani. "Mashimba! Unayo ile programu? Unapigiwa sasa hivi, tuambie imeandika nani."

Mastura akapiga.

"Mastura Kifafa!" Mashimba alisoma kwa sauti, akacheka. "Huyu naye kanipatia wapi? Mwambieni nina mke!"

Kisha akainua macho, akaona simu mkononi mwa Mastura. Akainama haraka, akatafuta uzi ambao ulikuwa tayari kwenye sindano.

Odeta alihisi uso ukimwaka. Amemtangaza tena, safari hii kwa agizo lake mwenyewe.

"Kesho nitakwenda kwa Mama Winnie," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamweleza."

"Utamweleza nini? Kwamba sina?"

Mastura akaweka dawa zake chini kabisa ya mkoba, akavuta mtandio, akapita mbele ya Mashimba bila kumtazama.

Odeta akawaandikia wenye programu waiondoe namba ya Mastura, maana kufuta kwenye simu yake hakukutosha. Hawakujibu. Akarudi kwenye majina hadi giza likaingia, akafika kwa Josephat Vidonda vya Tumbo. Akafuta maneno matatu ya mwisho, akabaki na Josephat tu, kama akina Josephat wengine. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza Josephat jina la baba yake.

Akashusha mlango wa duka. Atamuuliza kesho.