Uso wa Mama Ndani ya Vanishi

Barua ya kwanza kutoka jumba la sanaa ilianza kwa maneno "Kuhusu picha yako, Mjakazi Ameketi", nami niliisoma hadi mwisho mara moja tu, nikaikunja na kuitia kwenye mtoto wa meza. Picha ile sikuipa jina hilo. Nyuma ya turubai niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: Bibi Mwenye Nyumba. Na aliyeketi pale ni mama yangu mzazi.

Kazi yangu ni kuchora watu weusi kwa mtindo wa picha kuu za Ulaya ya kale. Katika picha hizo mtu mweusi yupo, ila yupo pembeni: ameshika sinia la matunda, au mwavuli, au mbwa wa bibi, na macho yake hayamwangalii mtazamaji bali yanasubiri amri. Mimi humwondoa bibi na kumketisha kitini yule wa pembeni.

Mama alikuwa mshonaji wa sare za hospitali. Kwa siku kumi na tisa alikaa mbele yangu katika chumba changu cha kazi, amevaa gauni la mahameli nililoazima kwenye jumba la maigizo, na kola pana aliyoishona mwenyewe kutokana na kitambaa cha meza.

"Mwanangu, hao mabibi wa Kizungu walikaa hivi kutwa nzima bila kujikuna?"

"Walikaa, mama. Usicheke, mdomo unahama."

"Kumbe ndiyo maana wote wamenuna. Chora upesi basi. Nina suruali arobaini za madaktari zinanisubiri, na sijaona daktari anayetibu bila suruali."

Uso wake ulinitesa. Wachoraji mabingwa wa kale walianza ngozi kwa rangi ya kijivu yenye ukijani, kisha wakaifunika kwa rangi ya waridi na ya maziwa. Nilianza kama wao, nikafunika kwa kahawia tabaka baada ya tabaka, na kila mara mama alitoka mkavu kama gogo. Ngozi yake haikuwa hivyo. Ilikuwa kahawia iliyoiva, yenye wekundu chini yake, kana kwamba taa imewashwa ndani. Hatimaye nikafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa uchoraji alikuwa amelikataza: nilikwangua yale matabaka hadi kwenye kijivu, nikachanganya rangi ndani ya vanishi, yale mafuta ya kung'arisha ambayo hupakwa mwisho kabisa, na uso wote nikaujenga kwa vanishi hiyo. Mama akawaka. Sikumwambia mtu nilivyofanya. Nilijivunia siri ile.

Picha ilinunuliwa na jumba la sanaa. Mama alifariki mwaka uliofuata. Hakupenda kamera, tulibaki na picha moja tu ya kitambulisho, ambamo uso wake ni doa jeusi lenye macho mawili. Kwa hiyo kila mwaka, siku aliyofariki, mdogo wangu ambaye ni nesi alichukua likizo ya siku moja, nami nikampitia, tukaenda kumtazama mama ukutani.

Ndiye aliyeiona barua ya pili mezani kwangu, akaisoma kwa sauti. "'Kuhusu Mjakazi Ameketi. Tunakusudia kuisafisha picha kwa kuondoa vanishi iliyozeeka. Tafadhali tujulishe iwapo vanishi hiyo ina rangi yoyote.' Kaka, hii ni ya mwezi uliopita. Umejibu?"

"Wabadilishe jina kwanza."

"Jibu, kisha gombana nao."

"Sijibu barua inayomtukana mama."

"Wewe na hiyo shule yako ya bweni! Mtu akikuita vibaya unakuwa kiziwi."

Ni kweli kwamba bwenini tulifunzwa kutoitikia ila kwa jina letu kamili, na sijapata kuona aibu kwa funzo hilo. Karani wa jumba la sanaa aliponipigia simu na kuanza, "Ni kuhusu ile picha ya mjakazi," nilimwambia arekebishe daftari lake ndipo tuzungumze, nikakata.

Wiki sita baadaye tulialikwa, mimi na mdogo wangu, kuiona picha kabla haijarudishwa ukutani. Ilikuwa juu ya kiegemeo cha picha katika chumba cha fundi anayesafisha picha, chini ya taa nyeupe isiyo na huruma. Mahameli yaling'aa. Kola ilikuwa nyeupe kama siku iliposhonwa. Katikati ya kola na pazia kulikuwa na uso wa kijivu chenye ukijani, na macho ya mama ndani yake.

Mdogo wangu alisogea karibu sana. "Rangi hii naijua," alisema taratibu. "Ndivyo alivyokuwa asubuhi ile wodini, nilipomfumba macho."

Fundi, mzee mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alisimama akifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Nilidhani ni moshi na uzee, bwana mchoraji. Kila picha ninayoletewa, kahawia ya juu ni uchafu. Niliuliza mara mbili."

Barua zote mbili zilikuwa kwangu, bila jibu. Alikuwa ameuliza mara mbili.

"Naweza kuurudisha," nilisema.

"Uso tu," alijibu. "Nguo usiguse."

Akaniwekea kiti na rangi. Nilichanganya kahawia, nikaigusisha kwenye paji la uso. Ikawa ya mtu mwingine. Nikafuta. Nikaongeza nyekundu; ikawa ya mtu mwingine tena. Niligeuka nikamtazama mdogo wangu shavuni.

"Usinitazame mimi. Mimi nimechukua rangi ya baba, unajua vizuri."

Hapo fundi akakumbuka jambo. Alitoa kabatini kopo la bati. "Situpi pamba niliyosafishia mpaka kazi ikubaliwe," alisema, akalifungua. Vilikuwemo vipande vya pamba kwa mamia, vidogo kama kucha, na kila kimoja kimelowa ile kahawia yenye wekundu. Niliitambua papo hapo. Nilinyoosha mkono; mdogo wangu akawahi.

"Nipe nilinganishe."

"Hapana."

"Bila hizo siupati."

"Najua. Ukimchora sasa, utachora unavyomkumbuka wewe. Huyu humu ni yeye." Akalifunika kopo, akalitia kwenye mkoba.

Fundi alinitazama. Pamba ile ilikuwa mali ya jumba la sanaa. Ningesema neno moja, angemzuia. Sikulisema.

"Kaka," mdogo wangu alisema akiwa mlangoni, bila ukali wowote, "mwakani usinipitie. Nitamtazama nyumbani kwangu."

Nilisikiliza viatu vyake vya kazi vikishuka ngazi. Kisha nikamwomba fundi mafuta ya taa, nikaosha brashi.