Taa ya Ken Iliyobakia Nusu

Siku Okello alipokuja kuniambia kwamba mume wangu atazikwa bila mwili, nilikuwa nafua mashuka ya watu wa Lavington, na sikuacha kufua. Nilimwambia avute kiti akae. Akakaa. Okello, kaka mkubwa wa mume wangu Ken, ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Soweto East, Kibera, na alikuwa ametembea kwa miguu mpaka kwetu mtaa wa Kongo, Kawangware. Viatu vyake vilijaa vumbi. Akitaka kusema jambo zito huacha Kijaluo akaingia Kiswahili, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Nyar Alego," akasema, maana mimi ni binti wa Alego na ndivyo wakwe zangu wanavyoniita. "Wazee wamekaa. Wamechoka kungoja ziwa. Watazika yago."

Yago ni tunda la mti, refu na zito kama paja la mtu. Kwetu mtu akipotelea majini asipatikane, tunda hilo hulazwa kaburini mahali pake, likaliliwa, likafukiwa. Baada ya hapo amekufa, basi. Hata akitokea barabarani kesho yake, amekufa.

"Sawa," nikasema, nikakamua shuka.

"Sawa tu?"

"Unataka niseme nini, shem?"

Wote walitaka niseme kitu, na zaidi ya kusema walitaka nilie. Ken alikuwa fundi wa faiba, wa kuziba mabodi ya malori na matangi ya maji, na mwaka huo wa tisini na tano aliitwa kisiwani Mfangano kuziba boti ya watu fulani. Aliiziba. Wakati wa kurudi, upepo ukapindua mtumbwi waliopanda. Wenzake walipatikana, mmoja mmoja. Yeye hakupatikana. Niliposikia habari hizo nilimaliza kuanika nguo, nikaingia ndani, nikala ugali uliobaki. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ganzi hii haikuwasha wala haikuisha. Jirani yangu Sella, Mluhya mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu, alikuwa akija kila jioni kuniangalia usoni.

"Lia tu, mama," ndivyo alivyokuwa akiniambia. "Sisi huko kwetu tungekuwa tumelia mpaka ng'ombe washtuke."

"Basi nenda uwashtue," nilimjibu siku moja. Alicheka, kisha akajuta kucheka.

Okello alivua kofia akaiweka gotini. "Kuna kitu ingine. Mathe yetu hataki kuzika tunda tupu. Anasema tulete kitu ya mwili wake tuweke na hiyo yago. Nywele, kucha, ama shati haijaoshwa. Ile iko na jasho yake."

"Shem, mimi ni dobi."

"Najua."

"Sasa shati haijaoshwa itatoka wapi kwa nyumba yangu?"

Nilikuwa nimeosha kila kitu. Siku Ken aliposafiri, kabla hajafika hata stendi, nilikuwa tayari nimeloweka shati alilolalia, taulo, soksi na foronya ya mto. Ndivyo nilivyo. Uchafu haulali kwangu. Kitana chake nilikichemsha. Hatukuwa na mtoto wa kuangaliwa kama ana pua na masikio yake. Mtu aliishi katika chumba hiki miaka yote ile, nami nikamfuta kwa sabuni asubuhi moja tu, kabla ya chakula cha mchana.

Okello aliangaza macho chumbani. Yakatua kwenye beseni lililopinduliwa juu ya meza. "Na hapo chini kuna nini?"

Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini sikumdanganya. Nilipangusa mikono, nikainua beseni.

Chini yake ilikuwa taa. Yaani, nusu ya taa. Ken alikuwa na tabia ya kuokota vipande vya vioo vya taa za nyuma za magari pale gereji alikofanyia kazi, vyekundu na vya rangi ya chungwa, na resini, ile gundi ya majimaji ya kuzibia, iliyobaki kazini aliileta nyumbani kwenye chupa ya soda. Alikata ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, akasimamisha kopo katikati ili pabaki tundu la balbu, akaanza kumwaga ukuta wa taa kidogo kidogo: resini, vipande vya vioo, resini tena. Kila tabaka alilitia matone machache ya dawa ya kugandisha, akangoja. Dawa ikizidi, alisema, resini inachemka na kupasuka. Plot yetu landlord hufungulia stima jioni tu, na balbu ni moja. Nilimuuliza taa ya urembo tutaiwasha na nini. "Na hiyo hiyo moja," akasema. "Tutaihamisha." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Kabla ya kumwaga tabaka jipya alikuwa akijaribu lile la chini kwa kidole gumba. Likishika kidole bila kukivuta, liko tayari. Jioni ya mwisho alibonyeza, akasema bado, akaenda kulala. Asubuhi alikuwa na haraka ya safari. Kwa hiyo alama ya kidole chake ilibaki pale juu ya ukuta wa taa, mistari yote, na kovu dogo la kisu likipita katikati. Ukiinama mwangani ungeweza kuihesabu mistari ile. Mimi nilikuwa nikiinama kila asubuhi.

Okello naye aliinama. Kisha akanyoosha kidole chake mwenyewe, kinene cheusi cha mchomeleaji, na mimi nikaupiga mkono wake kofi ambalo sikujua ninalo.

"Usiguse!"

"Pole. Pole, shem." Alirudi nyuma. "Lakini ni yeye. Ni yeye kabisa. Hii ndiyo tutabeba."

"Hamuibebi."

"Mathe yake hana kitu."

"Hata mimi sina!"

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mtumbwi upinduke, na kilikuwa hasira. Ilikuja ikapita. Okello alivaa kofia na kusema atarudi Jumamosi, tuzungumze kama watu. Alipotoka nilirudia mashuka yangu, na mikono ikafua yenyewe.

Lakini nilianza kuwaza. Juu ya ile resini palikuwa hapajakauka vizuri, panapopigwa na hewa hubaki pakinata, na vumbi la Kawangware halisubiri hodi. Tayari kinyuzi kimoja cha pamba kilikuwa kimenasa pembeni ya alama. Na kama wangeichukua, wangeifunga gazetini, isuguliwe na mizigo mpaka kwao Homa Bay, kisha wafukie. Nikawaza pia hivi: vile vipande vya vioo ndani ya resini, mbona vinaonekana? Viko chini kabisa, vimefunikwa, na havitaguswa tena na vumbi wala na Okello. Resini ni angavu kama maji ya bomba. Nikifunika alama ya Ken kwa tabaka moja, itakaa mle milele. Na taa ikikamilika ni taa, ni samani ya nyumba yangu. Nani atakuja kuomba samani akazike?

Niliona ni akili. Hata nilijisifu.

Ijumaa mchana nilifungua mlango, nikatoa chupa ya resini uvunguni. Nilipofungua kifuniko harufu ikatoka, kali, ile inayokaa kooni. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Ken. Nilikuwa nimeifua kwenye kila nguo, na kumbe ilikuwa uvunguni siku zote. Nilisimama nayo nikingoja nihisi kitu. Nilihisi kizunguzungu tu.

"Unapika nini, mama?" Sella akauliza mlangoni, leso puani.

"Namaliza taa ya Ken."

Aliingia akakaa kitandani.

Nilimimina resini kikombeni, nikapima dawa kama nilivyomwona akipima, matone machache. Nikakoroga polepole, nisitie mapovu. Nikaondoa kile kinyuzi cha pamba kwa sindano. Halafu nikainamisha kikombe na kumwaga kwa upande wa mbali, ili resini itembee yenyewe mpaka kwenye alama.

Ilitembea. Ilifika kwenye ukingo wa kidole, na nilidhani itakaa juu yake kama kioo kinavyokaa juu ya picha. Haikukaa juu. Iliingia ndani ya mistari. Ilijaza mmoja, ikajaza wa pili, na kila uliojaa haukuwapo tena. Kovu lilikatika nusu. Nikasema, "Ngoja." Nilisema kwa sauti, kama mtu angenisikia. Nikachukua kijiko nikajaribu kuirudisha nyuma, nikainamisha ndoo, nikafuta kwa kitambaa, na kitambaa kikasugua hata ile kidogo iliyobaki. Kisha resini ikatulia, ikawa tambarare, na chini yake niliona vioo vyekundu na vya chungwa, safi kabisa, mpaka kwenye sakafu ya ndoo. Kati yangu na vioo hapakuwa na kitu.

Vioo vilionekana kwa sababu ni vioo. Kidole hakikuacha kitu pale ila mabonde madogo, na bonde likijazwa resini ileile huwa limekwisha. Kama kingekuwa na uchafu, masizi ya gereji au grisi, uchafu ungebaki na kuichora alama yake. Lakini mikono ya Ken ilikuwa safi jioni ile. Mimi ndiye niliyemwambia hii ni taa ya nyumba, si lori la mtu, akanawe. Nilimmiminia mafuta ya taa na Omo mwenyewe, nikasugua kile kidole gumba kwa brashi ya kufulia, huku yeye akicheka na kusema namchubua.

"Iko wapi?" Sella aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Si umeona? Imeenda."

Jumamosi Okello alinikuta nimeketi mbele ya ile taa. Nilikuwa nimeikata ndoo iliyoizunguka, nikachomoa kopo, na taa ilisimama mezani, nzuri, imekamilika. Aliizunguka akitafuta. Aliinama upande huu na ule.

"Nyar Alego, umefanya nini?"

"Nimeifunika isiharibike."

Nilingoja anifokee. Angenifokea ningemjibu, na ningepona kidogo. Badala yake alivuta kiti, akakaa karibu nami, akaanza kuongea Kijaluo, taratibu. Alisema mama yao angenielewa. Alisema hata wavuvi waliofika kuwaokoa siku ile walimwambia walimwona Ken akiwa ameshika ubao, wakageuka kumfikia, wakaangalia tena, maji yakawa tambarare.

Kwa wiki zote zile watu walikuwa wananiambia Ken amekufa, na mimi nikisema sawa, kwa sababu sikuwapo. Sasa nilikuwapo. Nilimwona akijaa mstari kwa mstari mpaka akawa hayupo, na kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

"Waambie wachume hiyo yago," nilimwambia Okello. "Nakuja kumzika."

Ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kwa makelele, mpaka Sella akaja mbio kutoka kwake, na watu wa plot nzima wakasimama mlangoni.