Bangili ya Mjomba kwenye Mkono wa Injini

Miaka miwili kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, kiwanda kimoja cha katani upande wa Ngerengere kilikuwa na taa za umeme, na mkaguzi wa kasha la umeme alikuwa Yakobo, Mluguru wa Mkuyuni. Kila Jumamosi asubuhi alifungua kasha, akakaza skrubu zilizolegea, akapangusa vumbi la katani. Vumbi lile, jeupe kama unga wa muhogo, lilipenda kujibanza penye joto.

Ila injini ya mvuke iliyozalisha umeme huo haikuzimwa. Msimamizi wa Kizungu, waliyempa jina la Bwana Haraka, alisema ikizimwa kazi italala. Basi Yakobo alikagua umeme ukiwa unapita, na mkononi amevaa bangili ya shaba aliyovishwa na mjomba wake alipotoka jandoni. Katika ukoo wao, kuvua kitu cha mjomba ni kumtukana.

Jumamosi moja bangili ilisogea mno karibu na vipande vya shaba vilivyopitisha umeme ndani ya kasha. Ulimi wa moto ukaruka, paa! mweupe kupita jua. Yakobo alirudi nyumbani nyusi ya kushoto imeungua yote.

Mkewe Theresia aliweka chini ungo wake.

"Baba Anastasia, nyusi nyingine umemwachia nani?"

"Itaota."

"Na macho nayo huota?"

Yakobo akaketi, akaanza kujifuta masizi usoni.

"Vua bangili basi."

"Halafu mjomba nimtazame na uso gani?"

Theresia hakubishana. Ijumaa alipika magimbi na kunde katika chungu kidogo, akampelekea Stambuli, mwangalizi wa injini ya mvuke. Stambuli alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mtani hukuchukulia kitu chako huku unaona, na ukinuna, aibu ni yako.

"Umetia sumu humu, Mluguru wewe?" Stambuli akauliza, kijiko tayari mkononi.

"Ingekuwa sumu ningeleta chungu kikubwa. Kula, mlafi, unisikilize."

Kesho yake, Yakobo alipogusa tu mlango wa kasha, Stambuli akaja akicheka.

"Mluguru! Nani kakunyoa nusu? Wembe uliisha makali?"

"Kachochee kuni zako, Mnyamwezi."

"Nisalimie kwanza."

Yakobo akampa mkono. Mkono wa Stambuli ulikuwa umepakwa grisi tele, na bangili iliyokaa pale miaka kumi na minane ikateleza ikatoka.

"Yangu!"

"Stambuli! Ya mjomba hiyo!"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Yakobo akafura, akakumbuka ni utani, akalazimisha meno yaonekane.

"Haya, mtani. Nikukomboe kwa jogoo?"

"Jogoo wenu wamekonda kwa kupanda vilima. Sikia. Nafunga mvuke, injini inasimama. Bangili naitundika kwenye mkono wa kufungulia mvuke. Ikiwa pale, hakuna wa kuugusa mkono huo. Kagua, funga kasha, kisha uje mwenyewe uichukue. Kila Jumamosi."

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Yakobo akaingiza kichwa na mikono yote miwili ndani ya kasha.

Bwana Haraka akatokea anakimbia. "Nani kazima?" Bila kungoja jibu akanyoosha mkono afungue mvuke. Theresia, aliyekuwa akianika katani pale nje, akafumba macho.

"Bwana, usiguse!" Stambuli akasema. "Hiyo bangili ni ya mjomba wake. Ukiitoa wewe, mjomba atashuka mlimani na ukoo mzima kuuliza. Watakaa kwako siku tatu, na wanakula."

"Wangapi?"

"Wa ukoo wa mama tu? Sijui. Kijiji."

Bwana Haraka akaitazama milima ya Uluguru, yote ilivyo mirefu. Akaurudisha mkono mfukoni.

Ndani ya kasha Yakobo alikuta skrubu mbili zimelegea na vumbi la kujaza kopo. Alimaliza taratibu, akafunga, akaenda kuichukua bangili yake. Stambuli akafungulia mvuke.

Jioni Yakobo alikaa akijipapasa nyusi, vinyweleo vimeanza kuchoma kidole.

"Mama Anastasia, nashangaa. Mnyamwezi yule kaacha jogoo mzima!"

Theresia alikuwa anasugua chungu kidogo kwa majivu.

"Labda alikuwa ameshiba," akasema.