Grili Iliyooshwa Maji Saba

Jumanne saa nne asubuhi Shufaa Mbaruku alishusha grili ya peleti kutoka kwenye baki, gari dogo la mizigo alilolikodi, akaisukuma hadi uani kwake Turffontein, Johannesburg, na kuiegesha kando ya bomba la maji. Ilikuwa na magurudumu matatu mazima na moja la kuburuzwa, mfuniko uliopauka, na bomba la moshi lililopinda kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Aliyemuuzia, Mista Gerrit wa kule juu kwenye vilima vya kusini, alikuwa amehamia kwenye gesi. Alimsaidia kuipakia kwa mikono yake mwenyewe, akampa kitabu cha maelekezo na nusu gunia la peleti, akamtakia kila la heri. Alikuwa mtu mwenye adabu sana.

Shufaa ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, na kwa miaka tisa alikuwa akiuza mishkaki na kuku wa kuchoma nje ya geti lake, kwa mkaa. Mwezi uliopita cheche ziliunguza mapazia ya mpangaji wa nyuma, na mwenye nyumba akatoa amri: mkaa marufuku, na asiyeridhika ahame. Shufaa hakuwa na nia ya kuhama, na ya kuacha kuchoma ndiyo hakuwa nayo kabisa. Akaulizia mpaka akaambiwa kuna majiko yasiyotoa cheche, yanayokula peleti. Peleti ni punje za mbao zilizoshindiliwa, na ukiziona gizani unaweza kuwamwagia kuku wa mayai. Unazijaza kwenye sanduku lililo ubavuni, umeme unazungusha parafujo inayozipeleka motoni kidogo kidogo, feni inapuliza, nawe unachagua joto kwenye swichi kama unavyochagua stesheni ya redio.

Tatizo lilikuwa nguruwe. Mista Gerrit hakuficha kitu: kwa miaka sita grili ilichoma mbavu za nguruwe kila Jumapili, hadi Januari ya mwaka jana ilipowekwa gereji kwa kuwa nyumbani kwake hakuna aliyejua kuiwasha. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la brashi na sabuni. Kwa Shufaa, aliyesomeshwa chuoni kwa madhehebu ya Shafi, lilikuwa jambo la najisi ya kuoshwa kwa maji saba, mojawapo yenye udongo. Wateja wake wa msikitini wangeuliza tu, maana hawana kazi nyingine.

Jirani alimshauri achote mchanga wa njano kwenye mlima wa mgodi, uko bure.

“Ule si udongo,” alisema Shufaa. “Ule ni makapi ya dhahabu.”

Akachota udongo mwekundu kwenye mawaridi ya mwenye nyumba, akafunga kanga kiunoni, akaanza. Maji ya kwanza yalitoka na mafuta meusi. Ya pili yalitoka na harufu ya bia. Ya tatu yalitoka na vicheko vya watu kama kumi na watano, vikateremka kwenye mfereji na kupotelea barabarani, na mbwa wa jirani akavibwekea hadi vilipokata kona. Ya nne yalitoka na wimbo wa siku ya kuzaliwa, ubeti mmoja na nusu. Ya tano, aliyoyatia udongo, yalikuwa mazito na kimya. Ya sita yalitoka na kikohozi cha mwanamume. Ya saba yalitoka meupe, lakini yalipokauka saruji ilibaki na chumvi. Shufaa akachuchumaa, akaigusa kwa ncha ya kidole na kuionja. Ilikuwa jasho. Akatafakari kidogo, akakumbuka kuwa jasho la binadamu si najisi, basi akaanika nyavu juani na kwenda kuswali adhuhuri.

Alasiri akafanya jaribio. Alijaza peleti, akachomeka waya ukutani, akafunika mfuniko na kuzungusha swichi. Grili ikavuma, ikatoa moshi mweupe mzito, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Akafungua kitabu ukurasa wa tisa.

“Mama, usifunike,” alisema mwanamume aliyesimama upande wa kulia wa grili. “Kama unawasha, unaacha wazi mpaka ule moshi mweupe utaisha. Na hizi peleti zimekula maji. Vunja moja. Ikikatika, ni nzuri. Ikipinda, utupe.”

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa aproni ya kijani. Jua lilimpita likaenda kuangukia ukuta wa nyuma yake. Shufaa alivunja peleti moja. Ikapinda.

“Wewe ndiye uliyekohoa kwenye maji ya sita?”

“Ni mie, Mama. Unisamehe.”

“Hakuna ubaya. Jina lako nani?”

“Octave. Mutu wa Uvira, kule Kongo. Kwa bosi waliniitaka Steve.”

“Na umekufa lini?”

“Mwaka jana, mwezi wa kwanza, siku ya Mungu.”

Walizichambua peleti pamoja, wakapata ndoo moja kavu. Huku wakisubiri moto ushike, Octave alieleza kifo chake bila kinyongo, kama mtu anayekabidhi zamu. Jumapili ile kifua kilimbana saa tano. Alimwambia bosi. Mista Gerrit akamwambia amalize mbavu kwanza, wageni wangekula saa nane. Akamaliza, mbavu zikatoka vizuri, akaenda kukaa nyuma ya magunia ya peleti. Gari la wagonjwa liliitwa baada ya kahawa. Kwenye fomu waliandika Steve, bila jina la baba, na jiji likauzika mwili wake kwa namba, mahali ambapo Octave hapajui kwa sababu yeye alikuwa amebaki kwenye grili.

“Sasa mbona hukwenda kupumzika?”

“Bosi hajasema chaile.”

Chaile ndilo neno la kufunga kazi mjini Johannesburg. Viwandani, kwenye majengo, jikoni kwa watu, hakuna anayevua aproni kabla halijatamkwa, na Octave alikuwa mtu wa kazi. Alijaribu kuondoka mara mbili mwaka huu, alisema, akashindwa kupita urefu wa waya wa umeme. Shufaa aliupima kwa hatua. Ulikuwa kama mita tatu.

Kuku wa jaribio alitoka laini mpaka mfupani. Jumatano walichoma mishkaki. Octave alijua kwamba kushoto kuna moto zaidi, kwamba jivu lazima litolewe kila baada ya siku mbili la sivyo parafujo inakwama, na kwamba kindoo cha mafuta kina tabia ya kudondoka. Wateja walikuja. Waliuliza kama maji yalikuwa saba kweli, wakaambiwa ndiyo, wakala. Kuhusu Octave, mmoja tu aliuliza kwa nini hapewi glavu.

Lakini Shufaa hakuwa na raha. Alhamisi baada ya swala alimuuliza sheikh. Sheikh alisema nyama ni halali, ilimradi maiti amegeuza tu na hakuchinja. Kumfanyisha maiti kazi, hapana. Hiyo ni dhulma, awe Muislamu asiwe Muislamu, na haijalishi mishkaki imetoka vizuri kiasi gani.

Shufaa alikuwa analijua hilo tangu Jumanne, ila alitaka kulisikia kwa mwingine. Aliporudi alisimama mbele ya Octave, mikono kiunoni.

“Baba, mimi nakupa ruhusa. Chaile. Nenda.”

Octave alivua aproni. Akapiga hatua nne, akakwama hewani kama mtu aliyegonga kioo, akarudi na kuivaa.

“Aksanti, Mama. Lakini wewe haukuniandika kazi.”

“Una watu hapa?”

“Bibi yangu. Marthe. Anasuka nywele Rosettenville.”

Saluni ilikuwa mwendo wa robo saa. Ijumaa asubuhi Marthe alikuja na chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake, akasimama mbele ya grili na kumtazama mumewe kuanzia viatu kwenda juu.

“Ulikuwaka wapi?”

“Kwa kazi.”

“Bosi yako alisema ku simu ulienda Durban na mwanamke.”

“Durban sikufikaka hata siku moja, Marthe.”

Marthe alilia, na alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Kwa mwaka mmoja na miezi saba alikuwa mke aliyeachwa. Kanisani wanawake walikuwa wameacha kumuuliza, na hilo lilimuuma kuliko walipokuwa wakiuliza. Alikuwa amezichoma barua za uchumba wao kwenye sinki. Sasa alikuwa mjane, tena mwenye heshima zake, na alitaka kitu kimoja tu: matanga. Watu wakae chini, walie, waimbe, waseme Octave alikuwa nani, na yule Octave wa uongo, wa Durban, afe badala yake.

Akamwendea mchungaji siku hiyohiyo. Mchungaji alisikitika sana. Alisema kanisa haliwezi kufanya matanga ya mtu ambaye bado yuko zamu, akashauri waende kumwomba mwajiri wake.

“Basi tutakwenda,” alisema Shufaa. “Hatutaki kwake kitu kingine. Neno moja, lenye silabi tatu. Hata mtoto analiweza.”

Marthe akajiandaa kama mtu asiyefikiria kukataliwa. Alitangaza matanga Jumapili saa kumi. Viti vililetwa, wanawake wakaanza kutwanga sombe, kisamvu cha kwao, tangu Jumamosi, na picha ya Octave ikatengenezewa fremu. Suti yake nyeusi ilipelekwa dobi, ikarudi imefunikwa kwa nailoni. Marthe alitaka apumzike akiwa amevaa vizuri.

Jumapili saa sita waliipakia grili kwenye baki ileile. Octave alisimama nyuma ameushika mfuniko usipige kelele, na Marthe alikaa karibu naye ameikumbatia suti. Kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kuu, muuza maua aliinamisha kichwa kwa heshima, akamuuliza Marthe kama marehemu ana ndugu Zambia, maana anafanana na mtu. Walipanda vilimani, kuta zikawa ndefu zaidi kila mtaa. Nje ya geti la Mista Gerrit kulikuwa na magari saba, na ndani kulikuwa na harufu ya nyama iliyoungua.

Shufaa alibonyeza kengele. Geti liliteleza, akatoka Mista Gerrit mwenyewe, koleo la kugeuzia nyama mkononi. Akawasalimu wote. Kisha akaangalia nyuma ya baki.

“Steve!” alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. “Tumekukosa sana. Hii gesi inaniunguzia kila kitu.”

“Shikamoo, bosi,” alisema Octave, maana hilo neno alikuwa amemfundisha miaka ya nyuma, na Mista Gerrit akajibu vizuri, “Marahaba.”

Shufaa hakumpa nafasi ya kuendelea. Alimweleza kwa Kiingereza chake cha sokoni, kilichonyooka kuliko cha wengi: huyu bwana alifia kwako, ukamwambia mkewe katoroka, hana kaburi lenye jina, na watu wamekaa chini wanamsubiri. Mwambie chaile, aende.

Mista Gerrit alisikiliza hadi mwisho. Alisema anasikitika mno. Ilikuwa siku mbaya, kila mtu pale nyumbani aliumia, na mkewe hakula mbavu kwa wiki mbili. Alimpa Marthe mkono. Alisema kwamba bila shaka atamwambia, hilo halina mjadala, ni haki yake kabisa. Akatazama saa.

“Tule kwanza,” alisema. “Steve, njoo uiangalie hii gesi. Nusu saa tu.”

Octave alimtazama Marthe, akaitazama suti. Marthe alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulishikika.

“Octave, usiende.”

“Bosi ameita, Marthe. Nusu saa.”

Akateremka kwenye baki. Grili ilibaki juu, waya wake umeviringwa, na yeye akapita mita tatu, akapita sita, akapita kumi, hakukwama popote. Alipofika getini alifunga upya kamba za aproni. Geti likateleza nyuma yake, na baada ya dakika chache harufu ya kuungua ikaisha.

Nusu saa ilipita. Saa kumi wanawake wa Rosettenville walipiga simu kuuliza kama waimbe au wasubiri, Marthe akawaambia wasubiri. Saa kumi na moja na nusu Shufaa alibonyeza kengele kwa mara ya nane. Sauti kwenye kispika ilisema samahani sana, wageni wamefika wengine. Jua lilipozama dereva wa baki akasema ana familia.

Grili ya Shufaa inafanya kazi. Anaiwasha mwenyewe, mfuniko wazi, jivu analitoa kila siku mbili, na mwenye nyumba amesharidhika. Jumapili hafungui biashara. Saa nne anampitia Marthe, wanapanda vilimani na viti viwili vya plastiki, thamosi ya chai na suti, ambayo Marthe huipiga pasi kila Jumamosi hata kama haina mkunjo. Wanakaa mbele ya geti. Walinzi wa mtaa waliwaambia mara moja waondoke, Shufaa akawauliza ni sheria ipi inayomkataza mjane kukaa, nao sasa huwaletea maji. Kila nusu saa Marthe husimama na kubonyeza. Hajaruka hata mara moja, mvua inyeshe isinyeshe. Anasema jina kamili, Octave Bisimwa wa Uvira, na anasema amekuja kumchukua.

Mista Gerrit hujibu mwenyewe, hamwachii mtu mwingine. Huwashukuru kwa uvumilivu wao, huwaambia nyama ya leo imetoka vizuri ajabu, na kwamba wageni bado wanakula.