Roshani ya Bi Pindo

Bi Pindo alikuwa ameinamia cherehani, akipunguza suruali ya jirani, chumba kilipoingia giza upande wa dirishani. Alidhani ni wingu. Alimaliza mguu wa pili, akakata uzi, akaenda kufungua dirisha. Nje, kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu ya jengo la zege ambalo halikujengewa hata kibaraza, aliikuta roshani ya nyumba yao ya zamani imeshikamana na ukuta kama iliyozaliwa nao. Mbao zake za chini zilikuwa zimejaa vumbi la barabara kuu.

"Umechelewa," Bi Pindo aliiambia, akatafuta tambara, akaanza kuifuta.

Roshani hiyo aliichonga baba yake, seremala ambaye watu walimwita Fundi Kimya kwa sababu hakupiga misumari. Mbao zake zilishikana kwa kuingiliana tu, kama vidole vya watu wanaopendana. Ukingoni aliweka maua, na hakuna ua lililofanana na mwenzake. Alisema kurudia ni uvivu. Ua moja lilikuwa limepungua petali, pale Bi Pindo alipoling'ata utotoni akiota meno.

Mtaa wao wa kale ulipotangazwa kuwa hifadhi, watu walipiga makofi, na Bi Pindo alipiga kuliko wote. Ndipo ofisi ya hifadhi ikaeleza kwamba mtaa unatakiwa uonekane kama ulivyokuwa enzi zile, na kwamba kamba za nguo, moshi wa jikoni na kelele za cherehani vinaharibu sura hiyo. Basi nyumba zikahifadhiwa, na wenyewe wakapelekwa kwenye majengo ya zege nyuma ya maghala. Kuta zikapigwa chokaa, milango ikatiwa kufuli mpya, na wageni wakawa wanapita wakisifu utulivu.

Aliyewatembeza wageni hao alikuwa binti yake Bi Pindo. Kazi aliipata kabla ya kuhamishwa, na hakuiacha, maana nyumbani palihitaji mtu mwenye kazi. Kila asubuhi alisimama chini ya roshani ya babu yake akasema, "Hii ni kazi ya mafundi wasiojulikana." Ndivyo kibao kilivyoandikwa. Siku ya kwanza alipomsimulia mama yake, Bi Pindo aliendesha cherehani muda mrefu bila kutia uzi.

Sasa roshani ilikuwa imekuja. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa kinyozi wa ghorofa ya chini, na hakuja kushangaa. Alikuja kulalamika.

"Dada, inanitilia kivuli kwenye nyanya zangu."

"Zilete huku juu zipate jua, kaka. Nafasi ipo."

Kinyozi akaleta makopo yake ya nyanya, akayapanga ukingoni, na maneno yakaisha.

Watu wa hifadhi walikuja na lori na kamba. Kiongozi wao alikuwa seremala wa ofisi, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuchukua mali ya mtaa."

"Marahaba, baba. Nguzo ya kushoto msiivute kwa nguvu, haipendi."

Waliishusha kwa upole, wakairudisha mtaani, wakaikaza kwa bolti nene. Kesho yake, wakati wa chai, ilikuwa imerudi kwa Bi Pindo, bolti zikining'inia pembeni kama hereni. Wakaichukua tena, wakaifunga kwa mnyororo. Ikarudi na mnyororo wake na kufuli, ufunguo ukabaki ofisini.

Walipokuja tena, seremala alipitisha mkono chini ya ukingo kabla ya kufunga kamba. Vidole vyake vikafuata maungio, mbao kwa mbao. Akakaa kitako.

"Nendeni na lori," aliwaambia wenzake. "Mimi hii siing'oi. Aliyefanya kazi hii sitaki anione na mtaimbo mkononi."

Ndipo Mkuu wa Hifadhi akaja mwenyewe, na tai shingoni. Bi Pindo alimkaribisha kwenye roshani, akamwekea kiti kati ya makopo ya nyanya, akammiminia chai.

"Mama, tunaomba ushirikiano," Mkuu alisema. "Uwe unakuja kwenye ile nyumba mchana, unakaa ndani na cherehani yako, hata bila kushona. Wewe ukiwepo, nayo itatulia."

"Na jioni?"

"Jioni tunafunga."

"Nilale wapi?"

"Hapa, mama. Kwako."

"Mwanangu, kwangu ni hapo mnapopafunga." Bi Pindo alimsogezea sukari. "Na kile kibao cha mafundi wasiojulikana?"

"Utafiti bado unaendelea."

"Ni baba yangu. Andika, utafiti umekwisha."

Mkuu alikoroga chai yake. Alisifu maua ya ukingoni, akasema hakuwahi kukaa ndani ya roshani yoyote ya hifadhi yake, na kwamba kumbe upepo wake ni mzuri. Alimaliza kikombe, akashukuru, akashuka ngazi. Hakubadilisha kitu.

Mtaani wageni walianza kuulizia lile kovu ukutani, mahali roshani ilipotoka. Binti alikuwa na jibu la ofisi, kwamba iko matengenezoni. Siku moja alilifikisha jibu hilo hadi kwenye ulimi, akalimeza.

"Imemfuata mwenyewe," alisema, akanyoosha mkono kuelekea maghala. "Aliichonga babu yangu, Fundi Kimya. Hakutumia msumari hata mmoja."

Wageni waliandika. Mmoja alitaka kujua Kimya ni jina la ukoo au la utani, naye akajibu kwamba ni la heshima. Jioni aliitwa ofisini, akasomewa onyo. Kesho yake alisimama palepale akasema maneno yaleyale, safari hii kwa sauti ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa barabara. Alisikia shingo yake ikirefuka kwa fahari.

Baada ya hapo mlango wa nakshi wa nyumba ya zamani ya kinyozi ulikuja ukajipachika mahali pa ule wake wa bati, na ngazi ya mawe ya dobi, jirani mwingine, ikajipanga chini ya ile ya zege, hatua kwa hatua. Jengo la nyuma ya maghala likaanza kupendeza. Watu walipiga mswaki mlangoni wakiwa wamenyoosha migongo. Mabasi ya wageni yakahamia huko, na Bi Pindo akawa anawapungia mkono kutoka juu bila kuacha kushona.

Kamati ya hifadhi ilikaa kikao, ikatangaza jengo lile kuwa sehemu ya hifadhi. Makofi hayakuwa mengi. Wenye akili walianza kuanua nguo zao siku hiyohiyo.

Habari ya kuhama ililetwa na binti mwenyewe, hakutaka mama yake aisikie kwenye kipaza sauti. Alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Mama, wametupangia kule kwenye tanuri za matofali."

Bi Pindo alikunja kitambaa alichokuwa akikishona. "Popote tunapokaa," alisema, "panapendeza hadi tunafukuzwa. Si kila mtu ana bahati hiyo."

Siku ya safari roshani haikungoja kuachwa. Iliteremka mchana kweupe, ikaenda sambamba na gari lililobeba cherehani, na trafiki akazuia magari mengine mpaka ipite. Dereva aliyekuwa na haraka alipiga honi mara moja, akaona haya.

Kule tanurini vyumba vilikuwa vya chini, vya mabati, visivyo na ghorofa. Roshani ilizunguka chumba cha Bi Pindo ikitafuta ukuta wa kimo chake. Haikuupata. Basi ikapanda hadi kimo ilichozoea, ikatulia hewani juu ya paa, imenyooka, bila kitu chini yake wala nyuma yake.

Yule seremala alikuja na ngazi ndefu. Ofisini walikuwa hawamhitaji tena. Bi Pindo alikusanya gauni lake, akapanda, na cherehani ikavutwa kwa kamba nyuma yake. Kutoka pale aliona mapaa ya mtaa wa kale, na watu wa ofisi wakifunga lango.

"Unaona vizuri, mama?" binti aliuliza kutoka chini.

"Kote." Bi Pindo alitia uzi kwenye sindano. "Waambie mafundi waanze msingi kesho. Wajenge kwa utulivu, na wakinifikia huku juu, wanigongee."