Si Ng'ombe wa Kunonesha

Walikuwa wamekwisha kuuacha mji wa mzee Rwegasira nyuma ya migomba, Kokuberwa mbele na mzigo kichwani, Komujuni nyuma akijikongoja kwa fimbo kama kikongwe, na bado maneno ya mzee yule yaliwafuata njiani: binti arudi kwao akanone, kisha aletwe tena.

Akanone! Kokuberwa alikuwa shangazi wa Komujuni, na ndiye aliyempeleka Bugomora kuolewa kanisani na Cassian, mwana wa Rwegasira. Alipeleka msichana wa kuinua mkungu wa ndizi peke yake. Sasa amekabidhiwa mifupa ndani ya kanga, na kosa eti ni la mifupa.

"Ng'ombe ndiye hunona," alifoka, ingawa waliostahili kusikia walikuwa mbali. "Mtu hulishwa."

Njiani walipumzika kila penye kivuli, na hapo ndipo Kokuberwa alipochota habari kidogo kidogo, maana Komujuni hakuwa msemaji. Kwa Rwegasira wanaume walikula kwanza, kisha wageni wao. Mke wa mwana alikomba chungu. Kuku mwiko kwa mwanamke, mayai mwiko. Senene aliwakamata yeye, akawanyonyoa mbawa yeye, akawakaanga yeye, wakaishia vinywani mwa wanaume. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa na jembe mkononi. Wakasema ana damu mbaya.

"Nikirudi kule, shangazi, nitakufa," alisema Komujuni, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Kokuberwa alichukua fimbo ile, akampa bega lake.

Walipofika kwao Bugene, mama yake Komujuni, Anatolia, alilia, kisha akafanya kama alivyofanyiwa bibi yake zamani: alimfungia binti nyuma ya pazia la gome la mti, akawa anamnywesha maziwa kibuyu juu ya kibuyu, asiinuke, asishike ufagio. Majirani walitania kwamba Anatolia anafuga ndama ndani. Mashavu yakajaa, ngozi ikang'aa. Mama mtu akafurahi, hadi asubuhi moja Komujuni alipotoka kwenda haja akaanguka kizingitini, miguu ikikataa kumbeba.

Kokuberwa aliitwa kutoka kwake. Alipomwona alikasirika upya, safari hii kwa ndugu.

"Wifi, umemvimbisha. Umefunika ugonjwa kwa mafuta."

"Wewe uliyempeleka kule ndiye unanifundisha?" Anatolia alimjibu.

Neno hilo lilimwingia Kokuberwa, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini alilivuta pazia, akamtoa binti juani.

Tangu hapo maziwa yakawa kikombe, si kibuyu. Komujuni alikula ndizi na maharage, karanga, mboga, samaki walipopatikana, na mayai. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, bila kushikiwa kiboko. Kisimani alikwenda kwanza na kata tu. Kisha nusu mtungi. Akichoka, shangazi alimlaza; akipata nguvu, alimpa jembe, mstari mmoja wa maharage, basi. Anatolia alinung'unika juu ya yale mayai, akasema wanawake watamcheka. Kokuberwa alimwambia wacheke, kicheko hakitoi mimba.

Mavuno yalipopita, Komujuni alikuwa akipandisha mtungi uliojaa bila kusimama njiani. Ndipo Rwegasira akaja na Cassian. Mzee alimwangalia mkwewe kama yuko mnadani, akamzunguka kwa macho, akasema ameiva, japo mikono imekuwa kama ya mwanamume na jua limemchoma. Wangeondoka naye siku hiyo hiyo.

Kokuberwa hakubishana. Alileta chakula cha wageni, kisha bakuli la mayai ya kuchemsha, akaliweka mbele ya Komujuni. Komujuni aliketi, akamenya moja, akala. Polepole, mbele ya baba mkwe.

Rwegasira aligeuza uso ukutani. "Anakula mbele yangu?"

"Anakula, mkwe. Mlitaka anenepe. Mlidhani watu hunenepa kwa upepo?"

Komujuni alimeza kwanza. Kisha akamgeukia mumewe, si mzee.

"Cassian, jenga nyumba yetu, hata ya nyasi. Tule chungu kimoja, nitakuja na jembe langu. Kwa baba yako sirudi."

Cassian alifungua mdomo. Halafu akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa amekwisha kusimama, ameshika mkongojo. Wakatoka wote wawili. Ndizi zikapoa bila kuguswa.

Cassian hakujenga. Alioa mwingine bila padri, akamweka mji ule ule. Huyo naye alikonda, wakasema naye ana damu mbaya. Vita vya Hitla vilipokuja Cassian aliingia keya, jeshi la Waingereza, akafia nchi ya Bama, ng'ambo ya bahari. Rwegasira aliishi miaka mingi na meno yake yote. Komujuni alikaa na Yustasi, mfugaji wa mbugani, na kwa sababu hiyo alinyimwa komunyo. Alizaa watoto watano, wanne wakakua. Anatolia aliendelea kusema kwamba pazia lilikuwa limeanza kufanya kazi. Kokuberwa alikufa kwa homa ya mapafu mwaka wa njaa, na Komujuni alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.